Prosesa Moja, Mashine Mbili: Uchambuzi wa Kisa cha Kuhamisha Programu ya Mvua kutoka ZX Spectrum hadi Amstrad CPC 464, Mkoani Tabora

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika wilaya moja ya Mkoa wa Tabora. Majina ya wahusika, shule na mji yameondolewa, na baadhi ya tarakimu za mvua zimebadilishwa kidogo ili kituo cha vipimo kisitambulike. Mambo ya kiufundi yameachwa kama yalivyokuwa. Wahusika wakuu ni watatu: mwalimu mstaafu wa jiografia aliyeiandika programu yenyewe, ambaye hapa ataitwa Mwalimu, kijana mwenye kibanda cha kutengeneza redio na simu, ambaye ataitwa Fundi, na mwalimu wa hisabati aliye mlezi wa klabu ya kompyuta katika shule ya sekondari, ambaye ataitwa Mlezi.

Kisa kimeandikwa kwa ajili ya walimu na mafundi wanaopokea mashine za zamani na kuambiwa kwamba programu ya mashine moja itakubali tu kwenye nyingine, kwa sababu ndani yake kuna prosesa ileile, yaani chipu inayotekeleza amri za programu.

## Usuli

Mwalimu alirejea nchini kutoka masomoni Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa na kompyuta ya nyumbani aina ya ZX Spectrum yenye kumbukumbu ya kilobaiti 48, televisheni ndogo na redio kaseti. Televisheni ilikuwa ya lazima, kwa kuwa Spectrum haina skrini yake: hutoa picha kwa mawimbi ya UHF, chaneli ya 36, na mtumiaji huitafuta kama anayetafuta kituo. Kwa kuwa Tanzania Bara ilikuwa haina kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, seti ile ilikaa miaka kadhaa nyumbani kwake bila kazi nyingine yoyote zaidi ya kuonyesha mvua.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Shule aliyofundisha ilikuwa na kipima mvua uani, kilichosomwa kila siku saa 3 asubuhi. Mwalimu aliandika kwa lugha ya BASIC programu isiyofika mistari 200, iliyopokea vipimo vya kila siku, ikajumlisha kwa mwezi, ikahesabu siku za mvua, ikachora mihimili ya kulinganisha miezi, na ikatafuta tarehe ya kuanza kwa msimu kwa kanuni aliyojiwekea: siku ya kwanza ambayo mvua ya siku 3 mfululizo ilifika milimita 20. Kwa kuwa Tabora ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza mnamo Novemba na kuishia mnamo Aprili, alipanga jedwali lake kuanzia Julai hadi Juni ili msimu mmoja usikatwe na mwaka mpya. Kila msimu ulihifadhiwa kwenye kaseti kama jedwali la miezi 12 kwa siku 31. Kaseti zilizosalia zilianzia msimu wa 1988/89 na kuishia 1994/95.

Spectrum ilikufa kifo kinachojulikana na mafundi wa mashine hizo. Chipu zake za kumbukumbu za aina ya 4116 zinahitaji umeme wa volti 5, volti 12 na volti 5 hasi kwa pamoja. Sakiti ndogo inayotengeneza volti 12 na volti 5 hasi ikiharibika na volti hasi ikapotea, chipu huungua. Fundi alipoifungua alikuta sakiti imekufa na chipu zisizopungua nne zimekwenda nayo. Utando wa kibodi nao ulikuwa umepasuka, jambo ambalo peke yake lisingekuwa tatizo kubwa.

Kwa upande mwingine, shule ya Mlezi ilikuwa na kompyuta aina ya Amstrad CPC 464 iliyoachwa na mfadhili wa zamani. Mashine hiyo ya mwaka 1984 ina kinasa kaseti ndani yake na iliuzwa pamoja na skrini yake, ambayo ndiyo pia huipa umeme. Kwa hiyo iliweza kuwashwa bila kutafuta televisheni. Mkanda wa mpira unaozungusha kaseti ulikuwa umeyeyuka na kugeuka kama lami, na Fundi aliubadilisha kwa mkanda wa redio ya gari. Baada ya kusafisha kichwa cha kusomea kwa spiriti, mashine ilifanya kazi.

## Swali lililotangulia maamuzi

Mashine zote mbili zinatumia prosesa ya Z80, ya Spectrum ikienda kwa megahezi 3.5 na ya CPC kwa 4. Zaidi ya hapo, kampuni ya Amstrad ndiyo iliyonunua, mwaka 1986, biashara ya kompyuta za Sinclair, kampuni iliyotengeneza Spectrum. Kutokana na mambo hayo mawili, Fundi aliamini kwamba kilichobaki ni kuingiza kaseti na kubonyeza kitufe. Mlezi hakuamini hivyo, lakini naye hakuwa na uhakika ugumu ungetokea wapi.

Walimwendea Mwalimu nyumbani, wakamwamkia, na baada ya mazungumzo ya kawaida Mlezi akamuuliza jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilikuwa la maana kuliko uamuzi wowote wa kiufundi uliofuata.

"Mwalimu, unachotaka kipone ni zile namba za mvua, au ni programu?"

"Namba ninazo nyingine kwenye madaftari," Mwalimu alijibu. "Wanafunzi waione hesabu yenyewe, mwanangu. Waibadilishe, waone inavyobadilika."

Jibu hilo lilifunga njia moja na kufungua nyingine. Kama lengo lingekuwa namba tu, kompyuta mpakato ya Mlezi ingetosha: kuna viigizi vya bure, yaani programu zinazoifanya kompyuta ya leo ijifanye Spectrum, na Amstrad iliruhusu ROM za Spectrum, yaani programu ya kudumu iliyo ndani ya mashine, zisambazwe navyo bila malipo. Lakini mpakato ulikuwa mmoja, wa Mlezi mwenyewe, na ulikuwa unakwenda naye nyumbani. CPC ilikuwa ya klabu. Iliamuliwa kwamba programu iende kwenye CPC na kiigizi kitumike kama kipimo tu: kila jibu la CPC lilinganishwe na jibu la kiigizi kwa data ileile.

## Mfuatano wa matukio

### Kusoma kaseti

CPC haiwezi kusoma kaseti za Spectrum kwa amri yake ya kawaida. Spectrum huandika kila biti kama mipigo miwili ya sauti, mifupi kwa sifuri na mara mbili ya urefu huo kwa moja, na hutanguliza kichwa cha habari kinachotaja jina na aina ya faili. CPC ina mpangilio wake wa vipande vya kilobaiti 2. Kuandika kipakizi, yaani programu ya kusomea kaseti, kwa lugha ya mashine, yaani kwa amri za prosesa yenyewe, kunawezekana, lakini kungekuwa mradi mwingine kabisa. Fundi alichagua njia fupi: kurekodi sauti ya kaseti kwenye mpakato, kuigeuza kuwa baiti, kisha kutengeneza sauti mpya kwa mpangilio wa CPC na kuipeleka kwenye mashine kupitia kaseti ya adapta, ile yenye waya ambayo watu hutia kwenye redio ya gari ili wasikilize muziki wa simu.

Kaseti zilikuwa zimehifadhiwa kwenye sanduku la bati na nyingi zilikuwa na ukungu. Fundi alirekodi kila moja mara mbili, akigeuza kidogo skrubu ya pembe ya kichwa cha kusomea kati ya mara ya kwanza na ya pili. Kazi hii haikuonekana kuwa na uzito wakati huo, lakini iliokoa msimu mmoja: kila kipande cha data cha Spectrum huishia na baiti ya uhakiki, na pale uhakiki ulipokataa katika rekodi moja, sehemu iliyokosekana ilipatikana katika nyingine. Katika msimu wa 1990/91 siku moja tu ilibaki na shaka.

### Jaribio la lugha ya mashine

Mihimili ya mchoro haikuchorwa kwa BASIC. Mwalimu alikuwa ameandika kipande kifupi cha lugha ya mashine, kilichopakiwa kwenye anwani 65000, kikijaza mihimili kwa kasi na kutoa mlio kila mhimili unapokamilika. Kwa kuwa prosesa ni ileile, hiki ndicho kilitazamiwa kukubali kwanza.

Kilipopakiwa kwenye CPC mahali palepale, kilionekana kama mstari mfupi wa vidoa katika sehemu ya chini ya skrini. Kwenye CPC kumbukumbu ya picha huanzia 49152 hadi mwisho wa anwani zote, kwa hiyo programu ilikuwa imewekwa ndani ya picha, na amri ya kwanza ya kusafisha skrini ingeifuta. Mlezi aliihamishia anwani 40000 na kurekebisha marejeo yake. Safari hii ilikwenda, ikaandika mihimili yake yote kuanzia anwani 16384, ambako Spectrum huweka picha yake, lakini kwenye CPC eneo hilo ni kumbukumbu ya kawaida ya BASIC. Hakuna kilichoonekana.

Kisha ikafika kwenye mlio. Spectrum hupiga spika na kubadilisha rangi ya ukingo kwa amri moja ya kupeleka thamani kwenye poti 254, poti ikiwa ni mlango wenye namba ambao prosesa huutumia kuwasiliana na vifaa. CPC haichagui vifaa kwa namba hiyo ya chini ya poti; huvichagua kwa biti za juu za anwani, na kila kifaa husikia pale biti yake inapokuwa sifuri. Amri ileile ya Z80 huweka thamani inayopelekwa kwenye biti hizo za juu, na thamani za mlio ni ndogo, maana yake karibu biti hizo zote ni sifuri. Matokeo yake ni kwamba kidhibiti cha picha, kichagua ROM, printa na kifaa kinachosimamia kibodi vilisikia kwa pamoja amri ambayo haikuwa yao. Picha ilianza kuviringika, ikapotea, na mashine ikalazimika kuzimwa.

Fundi alitaka kuendelea kurekebisha. Mlezi aliamua kipande hicho kiachwe na mihimili ichorwe kwa amri za BASIC ya CPC, zenye kasi ya kutosha kwa mihimili 12. Sababu yake ilikuwa kwamba kipande kile hakikuwa na hesabu yoyote ya mvua ndani yake. Kilikuwa mkono wa kuchorea, na mashine mpya ilikuwa na mkono wake.

### Kuhamisha BASIC

Maandishi ya programu yalitolewa kwenye mpakato kama matini ya kawaida, na wanafunzi wakayaingiza kwenye CPC kwa zamu, sehemu kwa sehemu. Hapa ndipo kisa kilipo hasa.

Tofauti za kwanza zilijitangaza zenyewe. Spectrum inaruhusu nafasi ndani ya jina la kigezo, na Mwalimu alikuwa ameifaidi ruhusa hiyo kwa kuandika Kiswahili safi: `LET jumla ya mwezi=0`. CPC ilikataa papo hapo, na jina likawa `jumla.ya.mwezi`, kwa kuwa nukta inakubalika. Spectrum inaruhusu kurukia mstari unaopatikana kwa hesabu, kama `GO TO 1000+100*k`. CPC inataka namba kamili, na menyu ya miezi ikaandikwa upya kwa `ON k GOTO`. Kukata maneno kwa `n$(k)(1 TO 3)` kukawa `LEFT$(n$(k),3)`. Kila moja ya hizi ilisimamisha programu na kuonyesha namba ya mstari wenye kosa, na wanafunzi walizimaliza kwa alasiri chache bila kumwita mtu.

Kundi la pili halikusimamisha programu, lakini lilionekana kwa macho. `PRINT AT` ya Spectrum hutanguliza mstari na kuanza kuhesabu kwa sifuri. `LOCATE` ya CPC hutanguliza safu na kuanza kwa moja. `DRAW` ya Spectrum huchora kwa umbali kutoka mahali kalamu ilipo, ilhali ya CPC huchora hadi nukta iliyotajwa, na inayolingana nayo ni `DRAWR`. Mchoro wa kwanza ulikuwa fungu la mistari iliyokimbilia pembe moja. Mlezi alitatua mambo haya kwa pamoja: alifungua dirisha la safu 32 katikati ya skrini ya safu 40, akaweka asili ya mchoro kwenye 64,24 na kuzidisha kila kipimo cha mchoro kwa 2, hata nukta 256 kwa 176 za Spectrum zikakaa sawasawa ndani ya 640 kwa 400 za CPC. Rangi pekee hazikuhamishika. Spectrum huonyesha rangi zake zote 8 kwa pamoja, na CPC katika hali hiyo ya skrini huonyesha 4. Mwalimu alizichagua upya mwenyewe.

Kundi la tatu halikusema kitu.

### Namba zilizokuwa pungufu

Msimu wa 1991/92 ulichaguliwa kwa majaribio kwa sababu Mwalimu alikuwa na daftari lake kamili. Jumla ya msimu kwenye CPC ilikuwa chini ya ile ya daftari kwa kiasi kikubwa, na upungufu haukuwa na utaratibu: mwezi mmoja ulikaribia sana, mwingine ulikosa theluthi.

Chanzo kilikuwa namna mashine mbili zinavyohifadhi namba. Zote hutumia baiti 5 kwa namba moja. Spectrum hutanguliza kipeo, yaani baiti inayoeleza ukubwa wa namba, na kufuatiwa na tarakimu kuanzia baiti ya uzito mkubwa. CPC hupanga kinyume, kipeo kikiwa mwisho. Fundi aligundua jambo hili vizuri kabisa: ukigeuza mpangilio wa baiti za Spectrum nyuma mbele, unapata namba ya CPC. Milimita 12.4 huanza kwa 132, 70, 102 kwenye Spectrum, na kwenye CPC huishia kwa 102, 70, 132. Alijaribu namba kadhaa zenye desimali na zote zikatoka sawa, akapitisha msimu mzima.

Lakini Spectrum ina namna ya pili ya kuhifadhi namba kamili ndogo. Milimita 15 huandikwa 0, 0, 15, 0, 0, ambapo sifuri ya kwanza ni alama ya kwamba hii ni namba kamili na thamani iko baiti ya tatu. Ukiigeuza nyuma mbele inabaki vilevile, na CPC inapoona sifuri mahali pa kipeo huisoma namba nzima kuwa sifuri. Kwa hiyo kila siku ambayo Mwalimu alisoma kipimo bila desimali iligeuka kuwa siku ya kiangazi. Miezi aliyosoma kwa makini zaidi iliumia kidogo, na miezi ya mitihani, alipokuwa akisoma kwa haraka na kuandika namba kamili, iliumia sana. Dawa ilikuwa mstari mmoja: angalia baiti ya kwanza, na ikiwa sifuri, soma kwa njia ya pili.

Siku za mvua zilizokuwa zikionyeshwa kuwa hasi nazo zilirekebishwa wakati huo. Mwalimu alikuwa akihesabu kwa `LET n=n+(m(i,j)>0)`, mtindo wa kawaida kwa waandishi wa Spectrum, kwa sababu kwenye mashine hiyo ulinganisho wa kweli una thamani ya 1. Kwenye CPC una thamani ya hasi 1. Januari yenye siku 14 za mvua ikawa na siku hasi 14. Wanafunzi walicheka, na kosa lilidumu dakika chache.

### Namba zilizokaribia kuwa sawa

Baada ya marekebisho hayo, jumla za miezi zilitofautiana na daftari kwa sehemu ya milimita, mara chache kwa milimita 1 na kidogo. Fundi aliona kazi imekwisha. Kwa maoni yake, daftari liliandikwa kwa mkono na huenda Mwalimu alikosea kujumlisha. Mlezi alikataa, kwa hoja kwamba daftari linaweza kukosea lakini kiigizi kilikuwa kimetoa jumla zilezile za daftari, desimali kwa desimali.

Walitafuta siku mbili bila mafanikio, kwa sababu kila namba moja moja ilipochapishwa kutoka kwenye jedwali ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika mstari wa kujumlisha: `LET jumla ya mwezi=jumla ya mwezi+(m(i,j) AND m(i,j)>=1)`. Mwalimu hakutaka vipimo vya chini ya milimita 1 viingie kwenye jumla, na kwenye Spectrum maneno hayo yana maana nyoofu: chukua kipimo ikiwa sharti la kulia ni kweli, vinginevyo chukua sifuri. Wanafunzi waliuhamisha mstari huo wakibadilisha jina la kigezo tu, na CPC ikaupokea bila kulalamika. Kwa CPC, hata hivyo, `AND` ni kazi ya biti juu ya namba kamili. Hukadiria 12.4 kuwa 12, hulinganisha biti zake na hasi 1, ambayo biti zake zote ni moja, na kurudisha 12.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba linajificha. Siku tatu za milimita 10.4, 23.4 na 5.6 zina jumla ya 39.4, CPC ilizihesabu 10, 23 na 6, jumla 39. Makadirio ya juu na ya chini yanafutana, na jumla inabaki karibu na ukweli kwa muda wote ambao hakuna anayeichunguza. Ni kwa bahati tu kwamba programu ilionyesha desimali. Kama Mwalimu angekuwa ameandika jumla kwa milimita kamili, nyingi ya tofauti hizo zingepita.

Mstari uliandikwa upya kwa `IF` ya kawaida. Baada ya hapo Mlezi aliagiza kila `AND`, kila `OR` na kila ulinganisho uliowekwa ndani ya hesabu utafutwe kwa kusoma programu nzima kwa jicho, na wakapata sehemu nyingine ya namna hiyo katika kanuni ya kuanza kwa msimu. Hiyo ilikuwa imesogeza mwanzo wa mvua wa msimu mmoja kwa siku kadhaa, na hakuna mtu aliyekuwa ameona.

## Matokeo

Misimu yote ilihamishwa, na jumla za kila mwezi za CPC zililingana na za kiigizi hadi desimali ya mwisho inayoonyeshwa. Ile siku moja yenye shaka katika msimu wa 1990/91 iliwekewa alama ya hasi 1 kwenye jedwali, na programu huchapa mstari mfupi badala ya namba inapoikuta. Mwalimu alipendekeza hivyo baada ya kukataa wazo la Fundi la kuijaza kwa wastani wa siku za jirani.

Klabu inaitumia programu kwenye CPC. Kaseti za asili zilirudishwa kwa Mwalimu pamoja na nakala za sauti, ambazo hazikuguswa wala kusafishwa.

## Uchambuzi

Kilichofanikisha kazi hii kuliko kingine chochote ni kuwa na shahidi wa tatu. Daftari pekee lisingetosha, kwa kuwa Fundi alikuwa na haki ya kulishuku. Kiigizi pekee kingeweza kushukiwa vilevile. Vilipokubaliana dhidi ya CPC, mzigo wa kujieleza ulihamia kwa CPC. Anayehamisha programu bila jibu la zamani la kulinganisha nalo anaweza kusema tu kwamba programu yake inakwenda, na hata ile iliyokadiria kila kipimo ilikuwa inakwenda.

Uamuzi wa kuacha lugha ya mashine ulikuwa sahihi, ingawa naona ulichelewa. Jaribio lile lilikuwa na faida ya kufundisha, kwa kuwa wanafunzi waliona kwamba prosesa inayojua amri zote haijui ni nani anayesikiliza upande wa pili wa waya. Hilo ni somo lisiloelezeka vizuri kwa ubao na chaki. Kama njia ya kukamilisha kazi, hata hivyo, lilikula muda ambao ungetumika kuisoma BASIC kwa makini. Usawa wa prosesa uliwavuta wahusika waanze na sehemu isiyo na hesabu yoyote, na waiamini kupita kiasi sehemu yenye hesabu zote kwa sababu tu maneno yake yalifanana.

Udhaifu mkubwa ulikuwa mpangilio wa uhakiki wa Fundi wakati wa kugeuza namba. Namba zake zote za majaribio zilikuwa na desimali, na jaribio la namba moja kamili lingefichua kasoro kabla ya msimu wowote kupita. Simlaumu kwa kutojua kwamba Spectrum ina namna mbili za kuhifadhi namba; ninachosema ni kwamba vipimo halisi vya Mwalimu vilikuwa mbele yake, vimejaa namba kamili, na ndivyo vilivyostahili kuwa majaribio. Kosa hili kubwa pia lilifunika lile dogo. Wakati jumla zinakosa theluthi, hakuna anayeuliza habari za sehemu za kumi.

Kuwapa wanafunzi kazi ya kuandika programu kwa mkono kulizua mjadala baadaye, kwa kuwa mpakato ungeweza kuipeleka yote kwa mkupuo. Mimi nauunga mkono uamuzi huo kwa sababu moja: mwanafunzi aliyeuandika mstari wa kujumlisha ndiye aliyekumbuka, katika siku ya pili ya kutafuta, kwamba mle ndani kulikuwa na `AND` isiyokuwa ndani ya `IF`, na kwamba jambo hilo lilimshangaza alipokuwa akiliandika.

Limebaki jambo moja ambalo halijafungwa. Kipimo chote kimetegemea kiigizi, nacho ni programu iliyoandikwa na mtu mwingine kuifuata Spectrum, hata kama inaendesha ROM yake halisi. Fundi bado anatafuta chipu za 4116, na ameshatengeneza upya sakiti ya umeme iliyoungua. Zikipatikana, msimu wa 1991/92 utapakiwa kutoka kwenye kaseti yake ya asili hadi kwenye Spectrum yenyewe, na jumla za miezi 12 zitaandikwa kando ya zile za CPC, za kiigizi na za daftari.